Naombeni ushauri: laptopu nyepesi ya safari na kazi za kila siku, bajeti 1,200,000

Binti Ufipa
Habari zenu wanajamvi. Ninasimamia wakusanyaji wa takwimu za kaya, kazi ya mkataba, na eneo langu ni Katavi na Rukwa. Ni basi hadi Mpanda, hapo nachukua Noah au bodaboda mpaka kijijini, nalala gesti, kesho yake nahamia kijiji kingine. Laptopu niliyonayo ni ya inchi 15.6. Ukiweka na chaja yake, nikifika nimechoka bega moja kabla kazi haijaanza. Betri imeisha nguvu, na vijiji vingi ninavyofika umeme uliopo ni wa sola ya kuwasha taa na kuchaji simu.

Kazi zangu: Excel yenye mafaili makubwa, Word, CSPro (programu ya kukusanya na kuchakata data za tafiti), kupokea data kutoka kwenye vishikwambi vya vijana, ramani, na mikutano ya video nikirudi mjini. Nikiwa nyumbani mwanangu wa sekondari naye anaitumia. Gemu hatuchezi.

Nimeelekezwa tatu: mpya ya bei rahisi yenye Celeron (prosesa ya chini ya Intel), HP EliteBook 830 G5 iliyotumika, au MacBook Air M1 iliyotumika ambayo nitaongeza hela. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi na kwa nini? Hii hela nimeikusanya muda mrefu, sitaki kubahatisha.

Chuma cha Reli
MacBook Air M1 dada. Kilo 1.29, haina feni kwa hiyo haivuti vumbi la huko, na betri ikiwa nzima unafanya kazi siku nzima bila kutafuta soketi. Ni ya mwishoni mwa 2020 lakini kwa Word na Excel bado iko vizuri sana. Ongeza hela, usahau habari za chaja.

Mwanahesabu
Mkuu Chuma, umesoma alichoandika? Ametaja CSPro. CSPro ya kwenye kompyuta ni ya Windows tu. Na M1 ni prosesa ya Apple wenyewe, si Intel, kwa hiyo ile njia ya zamani ya kuweka Windows pembeni kwenye Mac haipo. Itabidi aendeshe Windows ndani ya programu nyingine, kwenye RAM ya GB 8 ambayo haiongezeki, tena akiwa kijijini na data za watu zinasubiri. Angekuwa anatumia Kobo peke yake, ile nyingine ya kukusanya data, ningekuunga mkono, maana ile inafunguka kwenye kivinjari chochote. Kwa kazi yake, Mac itoke kwenye orodha.

Chuma cha Reli
Hilo la CSPro sikulijua. Nakubali, Windows.

Kobe wa Bandarini
Ile ya Celeron usiiguse. Nyingi za bei hiyo zina RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, ya polepole kuliko SSD, iliyochomelewa kwenye ubao. Upya wake ni wa boksi tu. Excel yenye mistari elfu hamsini utaifungua asubuhi ukanywe chai ukiisubiri.

Fundi wa Gerezani
Dada Binti Ufipa, natengeneza laptopu kila siku, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo.

Kwa hela yako chukua mashine ya ofisi iliyotumika, ya inchi 13 au 14. Hizi zilitengenezwa kubebwa na watu wanaosafiri kikazi, zina bodi imara, na vipuri vyake Kariakoo vipo. 830 G5 ni chaguo zuri. Uzito wake unaanzia kilo 1.33, na ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo ukiikuta na GB 8 unaongeza baadaye. Betri yake imefungwa kwa skrubu, haijagundishwa, fundi yeyote makini wa Sumbawanga anaweza kuibadilisha. Kwa kazi za mbali na mji mimi hilo naliweka mbele ya wepesi. Laptopu ya kilo moja isiyofunguka ikikufia Mishamo, haikusaidii kitu.

Jambo la kwanza dukani ni prosesa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba baada ya i5: ikiwa i5-8250U au i5-8350U, sawa. Ikiwa i5-7300U, hiyo ni kizazi cha 7, hata muuzaji akuapie kwamba ameshaiwekea Windows 11. Inawekeka kwa ujanja, lakini Microsoft hawaihesabu.

La pili, kufuli. Mashine nyingi za mtumba zilikuwa za kampuni za Ulaya. Zima, washa, bonyeza F10 (hiyo ni kwa HP, Lenovo ni F1). BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, ikiomba nenosiri usilolijua, rudisha mezani uondoke. Halafu mwambie muuzaji airudishe Windows upya mbele yako, na iunganishe na intaneti ya simu yako wakati inajisajili. Ikitokea jina la kampuni na kutaka barua pepe ya kazi, bado iko mikononi mwa wenyewe. Wauzaji wengine hukwepa hapa kwa kuisajili bila intaneti, ndiyo maana nasema tumia simu yako.

La tatu, betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Itatoa faili inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ya 830 G5 ikiwa mpya ni kama 49,000 mWh. Ukikuta chini ya 35,000, muuzaji abadilishe betri au apunguze bei. Asilimia inayoonekana pembeni ya saa haikwambii chochote kuhusu hili.

Binti Ufipa
Fundi, Mungu akubariki. Nimeandika yote kwenye daftari. Swali: kuna mtu ananiambia ThinkPad X1 Carbon ya 2018 ni nyepesi zaidi na kioo ni kikubwa. Je?

Mwanahesabu
Ni kweli, X1 Carbon kizazi cha 6 ni inchi 14 kwa kilo 1.13, na kibodi yake ni tamu kwa mtu anayeandika ripoti ndefu. Ila RAM imechomelewa, kwa hiyo ukichukua ya GB 8 ndiyo hiyo hiyo milele. Ukiipata ya GB 16, fikiria.

Fundi wa Gerezani
Na inachajiwa kwa USB-C peke yake. ThinkPad za mwaka ule zilikuwa na tatizo la programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia inayotumia tundu hilo hilo) lililoweza kuua tundu la USB-C, na Lenovo walitoa sasisho la kulirekebisha. Ukiichukua, hakikisha sasisho hilo limewekwa siku hiyo hiyo. 830 G5 ina USB-C moja na lile tundu la duara la chaja ya HP. Moja likifa, lingine lipo. Kwa Katavi ningebaki na HP.

Mkaazi wa Luthuli
Niko Nairobi, huku tunaziita ex-UK. Naongeza mawili kwa huyo dada. Angalia kibodi: zikitoka Ujerumani herufi Z na Y zimebadilishana nafasi, zikitoka Ufaransa ni A na Q. Vibandiko vinaficha hilo, kwa hivyo fungua Word uandike sentensi nzima. Pili, baadhi ya EliteBook zina kioo cha Sure View, kile cha kuzuia jirani asichungulie. Bonyeza F2 uone kama kinabadilika. Hicho kioo ukikiangalia kwa upande hakionekani vizuri, na kama unawaonyesha vijana wako data mkiwa watatu mezani kitawasumbua. Uliza isiyo nacho.

Binti Ufipa
Hilo la kioo nisingelijua kabisa, na kazi yangu yote ni kuonyesha watu makosa ya data. Asante kaka. Na umeme je?

Kobe wa Bandarini
Hapa ndipo begi linapopungua kweli. Acha chaja ya HP nyumbani kwa mtoto. Wewe beba chaja moja ya USB-C ya wati 65 yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C), itachaji laptopu na simu. Ongeza pawabenki ya 20,000 mAh, lakini isome vizuri: iandikwe PD na itoe wati 45 au zaidi. Hizi za kawaida za simu laptopu itazikataa. 20,000 mAh ni kama Wh 74, na kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani, hesabu kuijaza laptopu mara moja. Siku ukipanda ndege iweke kwenye begi la mkononi. Mpaka Wh 100 inaruhusiwa ndani, kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi.

Mwanahesabu
Na chaja ya gari ya USB-C yenye PD. Ukiwa kwenye Noah kwa muda wa saa tatu, unaijaza pawabenki kwenye tundu la gari.

Binti Ufipa
Wakuu, nimeamua: 830 G5, i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 16 au GB 8 niongeze, SSD ya GB 256, isiyo na Sure View. Itakayobaki inaingia kwenye chaja na pawabenki. Jumamosi niko Kariakoo na mdogo wangu, simu itakuwa na bando la kutosha la kuisajili Windows. Fundi, muuzaji akikataa nisiendeshe hiyo ripoti ya betri?

Fundi wa Gerezani
Nenda duka la pili. Ni mtaa huo huo.