Risiva ya Japani ya volti 100: niitengeneze au nitoe bodi nifunge TDA7294?

Mpangaji_Nyegezi

Mwadila wakuu. Mjomba kanirithisha risiva ya Kijapani, zile za uso wa fedha zenye sindano mbili zinazocheza na muziki. Nyuma imeandikwa AC 100V 50/60Hz, 180W. Naitumia na stepdauni ya 220 kwenda 110.

Shida ni mbili. Spika ya kushoto kwenye sauti ndogo inakoroma, halafu inakata. Nikipandisha volyumu ghafla inashtuka, inarudi, na inakaa vizuri mpaka nizime. Pili, mfuniko unachemka hata nikisikiliza taarifa ya habari tu.

Fundi mmoja hapa mjini kaniambia, bila hata kufungua mfuniko, kwamba STK (ile IC ya pawa inayosukuma spika) imekufa na haipatikani, kwa hiyo dawa ni kung'oa bodi ya pawa na kufunga TDA7294 mbili (IC nyingine za kukuza sauti) kwenye transfoma ileile. Laki moja na nusu pamoja na ufundi. Spika zangu ni za omu 4. Nimpe?

Babu_wa_Besi, Pasiansi

Mdogo wangu, usimpe. Kachukue mzigo wako leoleo kabla hajashika bisibisi.

Tuanze na kushoto. Ukiwasha hiyo risiva, sekunde chache baadaye unasikia "tka" ndani. Hiyo ni rilei, swichi inayojifunga kwa umeme, ya kulinda spika. Kazi yake ni kusubiri umeme utulie na kuhakikisha hakuna DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) inayotoka kwenda kwenye spika. STK ikiungua, mara nyingi inamwaga DC, na rilei inagoma kufunga, unabaki na ukimya pande zote mbili. Yako inafunga na kulia kunapiga safi. Sauti inayokata ikiwa ndogo na kurudi ukiipandisha ni dalili ya kontakti chafu za rilei: mkondo mdogo haupenyi ule uchafu, mkubwa unapenya. Anayetengeneza redio za zamani anaijua dalili hii hata kwa kusimuliwa kwenye simu.

Kabla ya kufungua, izime, zungusha swichi ya spika A/B kwenda na kurudi mara nyingi, kisha washa ujaribu. Wakati mwingine uchafu uko hapo. Isipobadilika, ichomoe ukutani, subiri kapasita zimalize chaji (pima kwa mita, usibahatishe), fungua mfuniko wa rilei. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kilowanishe kwa spiriti, kipitishe katikati ya kontakti huku umezibana kidogo kwa kidole. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Rudia mpaka itoke nyeupe. Msasa usiguse, unakwangua ile ngozi ya juu ya kontakti na baada ya muda mfupi tatizo linarudi kwa hasira zaidi.

Ukiwa humo ndani toa na vumbi. Sisi wa kandokando ya ziwa wale wadudu wa msimu wanaingia kwenye matundu ya juu wakifuata taa, wanakufa kwenye hitsinki (chuma cha kupooza), mbawa zinashikana na vumbi kama blanketi. Hewa haipiti. Brashi laini tu.

Sasa joto, na hapa ndipo naogopa zaidi. Stepdauni yako inagawa kwa mbili. Ukutani kukiwa na 230 inatoa 115, kukipanda 240 usiku inatoa 120. Mashine imesukwa kwa 100! Kama DC ya ndani ilitakiwa kuwa 40 kila upande, chanya na hasi, wewe unaipa 46 mpaka 48, na kapasita za chujio zikiwa za volti 50 unacheza ukingoni. Tafuta ya kushusha hadi 100 kamili, au nenda kwa wanaosuka mota wakusukie. Chukua ya wati 300 za kweli, siyo za kwenye stika. Hiyo 50/60Hz isikusumbue: Japani mashariki wanatumia 50 na magharibi 60, kwa hiyo mashine zao zinameza zote.

Na hiyo TDA7294? Si mbaya hata kidogo, ila mwisho wake wa kazi ni volti 40 kila upande, na kwa spika za omu 4 waliotengeneza wanashauri kama 27. Ukiifunga kwenye transfoma hiyo, kwa stepdauni hiyo, itapasuka siku ya kwanza. Tena mgongo wake wa chuma umeungana na upande wa hasi. Fundi akisahau kuweka maika (kipande cha kuzuia umeme) kwenye hitsinki, shoti hiyo.

Dogo_Nansio

Shikamoo Babu. Mimi naona amwachie mjomba makumbusho yake. Bodi ndogo ya amplifaya ya TPA3116 na chaja ya laptop ya volti 19, unapata muziki wa kutosha chumba cha kupanga na haichemki. Mimi huku kisiwani nataka kuifunga kwenye betri zangu mbili za sola, 24V.

Babu_wa_Besi, Pasiansi

Marahaba. Kwa chaja ya laptop nakuunga mkono, ni kabodi kazuri. Kwenye hizo betri acha kwanza. Mwisho wake wa kazi ni volti 26. Betri mbili zikiwa zinachajiwa na jua la saa saba zinapita 28. Funga kwenye moja ya 12 ya peke yake, usiidokoe katikati ya hizo mbili maana zitachaji kwa upendeleo, au weka kishusha volti katikati.

Mpangaji_Nyegezi

Nimeichukua, fundi kanuna. Swichi ya A/B haikubadilisha kitu. Karatasi imetoka nyeusi tii, na kushoto sasa kunaongea hata kwa sauti ya kunong'ona. Ila kontakti moja ina kashimo. Juu ya rilei imeandikwa DC 24V, miguu minane.

Babu_wa_Besi, Pasiansi

Kashimo maana yake imeshaungua, itakusumbua tena. Ing'oe uende nayo dukani mkononi, ulinganishe mpangilio wa miguu. 24V zipo za sura nyingi. Ukishafunga mpya, uwashaji wa kwanza weka globu ya waya ya wati 100 kwa mfululizo kwenye laini inayoingia stepdauni. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Ikikaa inawaka kwa nguvu, chomoa uniambie.