Mswaki wa umeme unatoa ukoga katikati ya magego, au uzi wa kusafishia meno bado unahitajika?

Njiro_kwetu: Habari zenu wakuu. Nataka mswaki wa umeme hasa kwa ajili ya katikati ya magego, maana nyama choma na mahindi vinanasa humo. Muuzaji hapa Arusha anasema mtetemo unafika kote, uzi nitupe. Kweli? Na huu ukahawia wa meno yetu ya huku utatoka?

Fizi_Imara: Huyo anataka hela yako tu. Gego lina nyuso tano, na mbili kati ya hizo zimebanana na majirani. Mswaki, wa mkono au wa umeme, husafisha pale nywele zake zinapogusa, na hapo meno yanapokutana hazipiti. Mapitio ya Cochrane (mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za afya) ya 2014 yalikuta wa umeme unapunguza ukoga kuliko wa mkono kwa 11% ndani ya mwezi 1 hadi 3, na 21% baada ya miezi 3. Faida ipo, lakini ni ya mdomo kwa jumla. Mtetemo kurusha maji kwenye upenyo huonekana vizuri maabara, mdomoni usiutegemee.

Ukahawia ni madini ya floridi kwenye maji ya ukanda wa Meru, yaliingia wakati jino linaumbwa. Upo ndani ya jino, hausuguliki. Ukilazimisha utajeruhi fizi bure.

Mama_Kiborloni: Naongezea matumizi, maana wengi wanausugua kama wa mkono. Usisugue. Weka kichwa pale jino linapokutana na fizi, kiinamishe kidogo kuelekea fizi, tulia sekunde 2 au 3, hamia jino la pili. Dakika 2 mdomo mzima. Ukiukandamiza, nywele zinalala na mashine inapoteza nguvu.

Uzi uanze kabla ya mswaki. Kata kama sentimita 45, zungushia vidole vya kati, uache sentimita 3 hivi. Ushushe kwa kuukereza taratibu. Ukiusukuma ghafla unakata fizi. Ukishapita, ukumbatishe jino moja, ingia kidogo chini ya fizi, panda na shuka, kisha jino la upande wa pili. Hapo kwenye kukumbatisha ndipo wengi wanakosea: wanatoa nyama, ukoga unabaki.

Penye mwanya tumia kibrashi kidogo cha waya. Kiingie kwa kubana kidogo, bila nguvu. Kikigoma, chukua saizi ya chini. Vijiti vya hotelini havifanyi kazi hii.

Njiro_kwetu: Asante dada. Na damu ikitoka?

Mama_Kiborloni: Mara nyingi fizi imevimba kwa ukoga uliokaa, kwa hiyo usiache. Fanya kila siku. Kwa kawaida inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, muone daktari wa meno, huenda ukoga umeshakuwa mgumu kama jiwe. Huo hautoki kwa mswaki wowote, unakwanguliwa.

Fizi_Imara: Jambo moja kabla hujalipa: geuza chaja usome maandishi ya chini. Zinazotoka Marekani nyingine ni za volti 110 hadi 120 pekee, na umeme wetu ni 230. Ukichomeka inaungua, na adapta ya plagi haibadilishi volti. Tafuta iliyoandikwa 100–240V. Ulizia na vichwa vya akiba: kimoja ni miezi 3, na kama dukani havipo, mashine itabaki pambo.