Tupeane uzoefu: kijana wa sekondari anapotibiwa saratani, sisi wa Mwanza na visiwani

Mama wa Nyakato
Wapendwa, habari za jioni. Naomba wazazi na walezi wenye vijana wanaotibiwa saratani tukutane hapa. Ushauri wa watoto wadogo upo mwingi. Huyu wa miaka 15, aliyeanza kuota ndevu na bado anataka umshike mkono sindano ikiingia, hakuna anayetuambia tumfanyeje.

Mwanangu ana saratani ya damu. Ilianza kwa uchovu, fizi zikawa zinatoka damu, homa haziishi. Zahanati wakampa mseto, wakarudia mseto, maana Kanda ya Ziwa kila homa ni malaria. Hospitali ya Bugando wakamtoa uboho nyongani, majibu yakaja. Shangazi zake wakataka aambiwe ni upungufu wa damu tu. Nikakataa. Wodini watu wanazungumza, na simu anayo. Nilimwomba daktari amweleze yeye mwenyewe, mimi nimekaa pembeni: ugonjwa unaitwaje, matibabu yatapita miaka miwili, nywele zitatoka na zitaota tena. Swali lake la kwanza: "Mtihani wa kidato cha nne nitafanya?" Hilo la kufa alikuja kumuuliza muuguzi, wala si mimi. Nilishukuru kwamba ana mtu wa kumuuliza.

Ninyi wenzangu mliwaambia?

Baba Nansio
Pole sana mama, na hongera kwa kusimama imara. Sisi ni wa Ukerewe. Binti yangu alianza na maumivu juu kidogo ya goti. Kwa kuwa anacheza netiboli, kila mtu akasema ameteguka. Akakandwa, akachuliwa, uvimbe unazidi tu, na usiku ndiyo unamnyima usingizi. Ndugu zangu, kijana akilalamika mfupa wiki hadi wiki, hasa usiku, daini eksirei. Saratani hii ya mfupa huwapata zaidi walio kwenye umri wa kurefuka haraka.

Alipewa kemo kwanza, yaani zile dawa za kuua saratani, kisha upasuaji, kisha kemo tena. Mguu ulikatwa. Mwanzoni alikataa katakata, nami maneno yaliniishia. Aliyemgeuza ni msichana mwenzake aliyekuja kliniki na mguu wa bandia. Wakaachwa wawili kwenye benchi. Yule akauvua, akamwonyesha unavyofungwa, akamwachia aushike, akamwambia sketi ya shule inaufunika. Kesho yake binti yangu akaniambia, "Baba, saini." Waombeni wauguzi wawakutanishe vijana wenyewe kwa wenyewe. Sisi wazazi tuna mapenzi yote, lakini hatujapita walikopita.

Dada Mkubwa Geita
Mimi namuuguza mdogo wangu, wazazi hatuna. Niongeze ya jikoni. Vidonda vya mdomoni: asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila akimaliza kula, mswaki uwe laini, uji upoe. Supu ya sato anaiweza hata siku mbaya, ila samaki aive kabisa. Kachumbari tuliiacha chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zinaposhuka. Kuna dawa inafunga choo na kutia ganzi vidoleni. Papai na maji vinasaidia, lakini ukiona anaburuta mguu mwambie daktari. Na ile dripu nyekundu ya kemo: mwambieni mapema kwamba mkojo utatoka mwekundu! Mdogo wangu alirudi chooni anatetemeka, akidhani anavuja damu ndani.

Mzee Buswelu
Mama wa Nyakato, kwa heshima, watoto hawafanani. Wangu ana miaka 13 na ni mwoga tangu zamani. Tukimwaga yote siku moja angekimbia wodi. Tulimpa kidogo kidogo, kadiri alivyouliza.

Mama wa Nyakato
Mzee wangu, hapo tuko pamoja kabisa. Kidogo kidogo sawa. Ninachokikataa ni uongo, kwa sababu akiugundua hata lile la kweli hataliamini tena.

Kijana wa Sengerema
Shikamooni wazazi wangu. Mimi ndiye huyo mtoto mnayemzungumzia, ila sasa nimekua, na matibabu nilimaliza. Nikiwa na miaka 13 taya lilivimba, meno yakalegea, nikang'olewa, uvimbe ukaendelea. Ilikuwa Burkitt, aina ya saratani ya tezi. Daktari aliniambia jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1958 akiwa Uganda, hapo ng'ambo ya ziwa letu. Unakua haraka mno, na kemo nayo inaupunguza haraka. Na hapo ndipo pa hatari: shavu likinywea, ndugu wanasema mtoto kapona, rudini nyumbani. Mama alikataa kuondoka mpaka dozi ziishe, na ndiyo maana naandika hapa.

Nilichokitaka wakati ule? Daktari akiuliza "unajisikiaje", niachwe nijibu mimi. Niogeshwe pazia likiwa limefungwa. Bando la kuongea na wenzangu wa darasani. Na hao wenzangu waambiwe saratani haiambukizi, waje.

Dada Mkubwa Geita
Asante mdogo wangu, hilo la pazia nimelichukua. Homa ikija usiku mnafanyaje?

Mama wa Nyakato
Kipimajoto kinakaa chini ya mto. Ikifika 38, tunaondoka saa hiyo hiyo. Sisi tuliambiwa tusimpe panado kwanza, inaficha homa, wala mseto wa dukani. Malaria watampima huko huko. Kinga ikiwa chini, homa inaweza kumuua kabla hakujakucha.

Kijana wa Sengerema
Enzi zangu homa ya usiku ilikukuta kivukoni Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, hakuna kisingizio cha kusubiri.

Baba Nansio
Sisi wa kisiwani usiku hatuna pa kupita, kwa hiyo wiki zile kinga inaposhuka tunapanga chumba Mabatini, hapo Mwanza mjini. Gharama inauma, lakini hapo sibanii. Mama wa Nyakato, vidonge vya nyumbani anameza? Nasikia wa umri huo wanaficha.

Mama wa Nyakato
Aliwahi kuvificha, alisema vinamkumbusha wodi kila usiku. Hatukugombana. Daktari alimweleza kwamba chembe mbovu zinaweza kubaki damuni hata vipimo vikiwa safi, akamkabidhi chupa aitunze mwenyewe. Anameza usiku, anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani, na Jumapili tunahesabu pamoja vilivyobaki.