Tangazo la haki za wafanyakazi ukutani ni la 2019, nibadilishe au jamaa ananipiga?

MamaMikate
Wakuu habari za jioni. Nina bekari ndogo huku Tabata, vijana tisa, wawili wa usiku wale wa kukanda na kuchoma, wengine kaunta na kusambaza madukani. Juzi kapita kijana ana kitambulisho shingoni sijui cha wapi, kaangalia ukutani kaona lile tangazo la haki za mfanyakazi nililobandika 2019 akasema mama hili limeshapitwa, afisa kazi akiingia leo unalo. Akachomoa bango limelaminetiwa zuri kabisa lina nembo ya taifa, elfu 60, na kila mwaka atakuja kubadilisha kwa elfu 60 nyingine. Sikununua ila usingizi nao sina. Langu lenyewe ni karatasi ya A4 ipo karibu na oveni, imekuwa njano, pembe zimejikunja na mstari wa malipo hausomeki kwa mafuta. Sasa kweli ni lazima kisheria au ndo kutishana? Na hili la zamani lina shida gani?

karani_mstaafu
Dada, kubandika ni lazima, hilo kijana hakukudanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 kifungu cha 16 inasema mwajiri abandike taarifa ya haki za wafanyakazi sehemu ya wazi, kwa muundo uliowekwa. Haijasema una watu wangapi, hata ukiwa na wawili. Alipokudanganya ni hapo pa elfu 60. Hakuna sehemu kwenye sheria inayosema lazima ununue kwa mtu, nenda ofisi ya kazi omba muundo, printi mwenyewe, duka la steshenari la jirani wanalamineti kwa hela ya soda.

Sasa la 2019 tatizo lake. Mambo makubwa mengi yako palepale, saa 45 kwa wiki, ovataimu mara moja na nusu, likizo siku 28, uzazi siku 84 na mapacha 100, ugonjwa siku 126 nusu ya kwanza mshahara kamili nusu ya pili nusu mshahara. Ila 2025 yaliingia marekebisho: mama akijifungua njiti anaongezewa muda hadi zitimie zile wiki 40 za ujauzito, na kuna likizo ya dharura bila malipo hadi siku 30. Hayo kwenye karatasi yako hayapo. Alafu kubwa zaidi ni mshahara, kima cha chini sekta binafsi kimepanda kuanzia tarehe 1 Januari 2026.

MamaMikate
Hicho kima nilisikia redioni, 358,322. Jamani kwa mikate hii ya shilingi ngapi?? Si nifunge tu.

karani_mstaafu
Subiri usifunge 😂 watu wengi wamejichanganya hapo. 358,322 ni wastani, kutoka 275,060. Kila sekta ina kiwango chake kwenye jedwali la amri ya mishahara, wa migodini sio wa dukani. Tafuta tangazo la serikali lenyewe ukaangalie sekta yako, usichukue namba ya redioni wala ya bango la kijana. Na kama kuna unayemlipa juu ya kiwango usimshushe eti sheria imesema.

Kipara wa Godauni
Mnampa mama wa watu presha bure. Mimi nina godauni mwaka wa 11 sijawahi kubandika kitu zaidi ya kalenda na "hatukopeshi" na hakuna aliyewahi kuniuliza. Hao maafisa wanaenda kwenye viwanda vikubwa.

sijali_tena
Mkuu Kipara hawajakufikia tu. Pale nilipokuwa nafanya kazi (sipataji, duka la vifaa vya ujenzi) walikuja asubuhi watu wawili. Tangazo tulikuwa nalo tena jipya, ila lipo nyuma ya mlango wa stoo na mlango huwa wazi siku nzima, yaani halionekani mpaka ufunge. Yule mama afisa hata hakulisoma, akamgeukia dogo wa kupakia nondo akamuuliza wewe likizo yako siku ngapi? Dogo akajibu "mpaka bosi apende". Basi hapo ndo ikaanza leta mikataba, leta daftari la mahudhurio, leta karatasi za malipo. Wasaidizi sita hawana mkataba. Tuliachiwa amri ya kutekeleza kwa maandishi na siku zake, bosi aliacha kula siku mbili.

Kwahiyo mama weka pale wanaposaini wakiingia, sio kwenye oveni. Na iwe Kiswahili. Hata mkataba, kifungu cha 15 kinasema kama mfanyakazi haelewi kilichoandikwa mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoelewa.

binti_wa_kaunta
Mimi naongea upande wa waliopo chini. Sehemu niliyotoka nilipiga picha tangazo kwa simu siku ya kwanza tu, waliponifukuza ndo nikajua nina siku 30 za kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kulalamika. Wenzangu wawili walikuja kustuka mwezi wa tatu, muda umeisha, wakaanza kuomba wasikilizwe nje ya muda na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Ila mama uliposema vijana wa usiku nimeshtuka kidogo, unawalipa ile nyongeza? Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi kila saa ina asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo juu yake.

MamaMikate
Nawapa chai na mkate wa kwenda nao nyumbani...

karani_mstaafu
Mkate sio asilimia 5 dada 😅 Anza kuandika kwenye karatasi zao za malipo kuanzia mwezi huu, ya nyuma kaa nao muongee mapema kabla hawajaanza kusoma bango lako jipya.

MamaMikate
Mrejesho. Kesho naenda ofisi ya kazi kuchukua muundo na kuangalia jedwali la sekta yangu. Wale wa usiku nimepiga hesabu jana, sio hela ya kuniua, kilichoniuma ni miaka minne ya nyuma. Kijana wa elfu 60 kapiga simu leo tena, sasa anasema elfu 35 na fremu juu.

Kipara wa Godauni
Ukipata huo muundo nitumie inbox basi mama, mmenitia wasiwasi na nyie.