Mkojo wa ghafla safarini na nyumbani: tupeane uzoefu, watu wa Kigoma na Tabora

Binti Kaliua
Wakuu, juzi kwenye basi la kutoka Kigoma mama mtu mzima alimwomba konda gari lisimame achimbe dawa. Akajibiwa "vumilia, tutasimama Kaliua", na hapo ndo kwanza tumetoka Nguruka. Mama wa watu kashika siti ya mbele kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Nilipaza sauti mpaka dereva akasimama. Imeniuma kwa sababu hali hiyo naijua: mkojo ukisema sasa, ni sasa. Nimepima, si UTI wala sukari. Daktari anasema kibofu kinabana kabla hakijajaa, nianze na ninachokula na kunywa. Wenzangu mnaishije?

Mwanga Sokoni
Umefanya vizuri kupaza sauti. Makonda wengine hawana huruma kabisa.

Ummu Ujiji
Pole mdogo wangu. Yangu ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa nafuturu kwa uji wa pilipili manga, chai ya rangi vikombe viwili, juisi ya ukwaju, tikiti, na juu yake maji ya baridi, vyote ndani ya nusu saa. Halafu hao, tarawehe. Usiku mmoja imamu kashika sura ndefu, mimi nipo safu ya katikati, mkojo ukanijia bila hata kubisha hodi. Natoka vipi na watu wamesujudu nyuma yangu? Nilitoka, na nguo ilishalowa. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Baada ya hapo nikaswali nyumbani mpaka Idi.

Dada yangu muuguzi ndiye aliyenifungua macho: kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500, na cha kwangu kinalalamika mapema zaidi ya hapo, sasa nakimwagia yote kwa mkupuo. Siku hizi nafuturu kwa tende na glasi moja ya maji, nikitoka msikitini nakunywa kidogo kidogo, na daku napata ya kutosha. Badala ya chai ya rangi nimeweka mchaichai, hauna kafeini. Tarawehe naswali msikitini.

Kijana wa Cheyo
Mbona rahisi? Siku ya safari usinywe kitu. Mimi Tabora mpaka Kigoma koo kavu, nafika salama.

Nesi Mstaafu
Kijana, usimpoteze mtoto wa watu. Ukijinyima maji mkojo unakuwa mzito, rangi ya chai, na huo ndio unaokera kibofu kikabane zaidi. Tena choo kinakuwa kigumu, na utumbo uliojaa unasukuma kibofu. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, jua likiwa kali ongeza, ila gawanya. Punguza saa mbili tatu kabla ya kulala au kupanda gari. Na ugali wa muhogo usiende peke yake, weka sombe (kisamvu), maharage, papai.

Kijana wa Cheyo
Mimi nasema kilichonisaidia, bibi.

Nesi Mstaafu
Nawe kibofu chako ni kizima, mjukuu wangu. Hapa tunasaidia wagonjwa.

Mama Dagaa
Ngojeni niwaambie ya ziwani. Alfajiri Kibirizi, baridi ya ziwa, muuza kahawa anapita na birika lake, nikanywa vikombe vitatu. Tukapanda boti ya Kagunga, magunia hadi juu, wanaume kwa wanawake. Tumefika usawa wa Gombe mkojo ukanikaba. Upepo umeamka, nahodha anasema akikaribia mawe tutavunjika. Wanawake wakanizungushia vitenge, nikapewa kopo la kuchotea maji botini. Nimechuchumaa tu, wimbi likaipiga boti ubavuni, vitenge vikapeperuka, kimoja kikaenda na maji, nami nikadakwa mkono na mama nisiyemjua. Bila yeye ningekuwa ndani ya ziwa.

Mwanga Sokoni
Mungu wangu!

Kijana wa Cheyo
Huyo nahodha alijaza magunia kupita kiasi. Hapo ndipo pa kulalamikia, si kahawa.

Mama Dagaa
Yote mawili. Lakini kahawa niliipunguza kikombe kimoja kimoja, maana kuiacha ghafla kichwa kinagonga. Soda na pilipili pia nimepunguza. Mkojo ukija sikimbii tena: nakaa, nabana misuli ya chini kama anayezuia haja, naachia, nabana tena, mpaka wimbi lipite. Ndipo naenda taratibu.

Urambo Damu
Kuna mzee Sikonge anatoa mizizi, siku chache tu umepona.

Nesi Mstaafu
Mizizi gani? Kama hujui jina lake usimpe mtu, figo hazina vipuri. Na jamani: damu kwenye mkojo, homa, au maumivu, hiyo si ya kubadili chakula, nenda hospitali, kinaweza kuwa kichocho au maambukizi. Aliyejifungua kwa shida na mkojo unavuja mfululizo, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, inatibika kwa upasuaji. Baba anayesukuma ndipo utoke, akapime tezi dume. Na anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza asiache, amuulize daktari avimeze saa ngapi.

Binti Kaliua
Asanteni mno. Chai na soda naanza kupunguza leo. Je, mchaichai naweza kutia asali?

Nesi Mstaafu
Wengine asali nayo inawachokoza. Andika kwenye daftari siku tatu: umekunywa nini, saa ngapi, umeenda mara ngapi. Kisha acha kitu kimoja kwa wiki, ukirudishe, utaona.

Urambo Damu
Asali ya Tabora haina kosa lolote, msianze.

Ummu Ujiji
Mimi ilinichokoza.

Urambo Damu
Hiyo ilichanganywa sukari. Nitakuletea ya miombo yenyewe, ujaribu upya.