HAAAAA! Nani kawaambia kioo cha mvuke kinapumuliwa?!

Wakuu habari za jioni, ingawa jioni yenyewe si njema. Mods, huu uzi msiuunganishe na ule wa "kamera gani nzuri". Uacheni usimame.

Yule bwana mnamjua. Kuanzia Kibirizi hadi Bangwe mnamjua, yule wa kofia ya pama, alishika tripodi siku moja Dar akarudi Kigoma mtaalamu wa dunia. Leo kaingia kwenye seti yetu ya stopu-mosheni, ile filamu ya vikaragosi unayopiga picha mojamoja. Dirisha dogo la mgahawa, ukungu umekaa kwenye kioo, kikaragosi anachora mstari kwa kidole. Picha ya 41 kati ya 60. Jamaa kasogea, kainama, "mbona mnajitesa, mvuke ni kupumulia tu", halafu HAAAAA! Hewa ya samaki migebuka na vitunguu, yenye nguvu ya kusukuma boti hadi Kalemie ng'ambo ya ziwa. Kisha AKAFUTA KIOO KWA MKONO WA SHATI.

Mkono wa shati!

Sekunde 1 ya filamu ni fremu 24. Kila picha ukiishikilia fremu 2, unapiga picha 12 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 5 ni picha 60. Picha moja ikila dakika 3 za kusogeza kikaragosi, hizo ni saa 3. Pumzi inakaa kwenye kioo sekunde chache tu. Ukipumulia tena, vitone vinatua pengine kabisa, na ukija kucheza picha kioo chote kinatokota kama sufuria ya ugali. HAAAAA yake ingefaa kama tukio lenyewe lingekuwa la fremu mbili tu.

Ukungu wetu ni mafuta ya mgando. Kioo cha sentimita 10 kwa 8 kinatosha kiasi cha punje ya mchele, unagongagonga kwa sponji kavu. Unagonga, hupaki! Ukipaka unaacha michirizi, na taa ya nyuma inaianika yote. Matone ni glisirini ya duka la dawa, sehemu 2 kwa maji sehemu 1: madogo unarusha kwa mswaki, makubwa unaweka kwa bomba la sindano. Subiri kama saa 1 kwanza, maana maji yanatangulia kukauka na tone linasinyaa. Lisinyae kabla ya kamera kuanza. Na matone yakae kwenye kioo cha pili mbele ya kile cha mafuta, ili ukisogeza tone usiguse ukungu.

Mstari wa kidole unafutwa kwa kijiti cha pamba ya masikio kilichopunguzwa ncha, milimita 2 kila picha. Kwenye kioo halisi maji ya ule mstari hukusanyika ncha ya chini, yanavimba, yanaanza kushuka polepole, yanasita, yakimeza tone jingine yanachomoka mbio. Hapo ndipo tulipokuwa. Tone limevimba. Mtu kaja na shati.

Mgebuka_Mkavu: Wa kwanza hapa. Pole mkuu ila nimecheka hadi nimepaliwa. Shati lilikuwa safi lakini?

FundiTaa_Gungu: Mleta uzi na wewe una lako. Mafuta ya mgando karibu na balbu ya moto yanayeyuka, ukungu unakuwa dirisha safi lenyewe bila hata shati. Weka taa za LED, na usizipunguze kwa swichi ya kuzungusha, nyingi zinapepesa na kila picha inatoka na mwanga wake.

Mleta uzi: Taa ni LED. Tunaongelea SHATI hapa.

Bint_Ujiji: Hii chai, na mvuke wake juu 😂

Mzee wa Pleksi: Kioo cha nini nyie? Tumieni pleksi, ile plastiki angavu kama kioo, haivunjiki kirahisi.

FundiTaa_Gungu: Mzee, ukiisafisha pleksi kwa spiriti inaota nyufa kama nywele. Spreyi ya nywele nayo nyingi zina spiriti humohumo. Pleksi ni maji ya sabuni na kitambaa laini, basi. Tena inavuta vumbi balaa.

Mzee wa Pleksi: Kumbe ndiyo maana. Aliyeniuzia anajijua.

Katubuka_Animeta: Mimi kero yangu ni wale wa chumvi ya Epsom. Umeombwa dirisha la mgahawa wa uji, unaweka chumvi inaota fuwele, mgahawa unakuwa wa Siberia. Hiyo ni ya barafu!

Bint_Ujiji: Afadhali chumvi. Kuna mtu anaweka pamba juu ya kikombe anasema moshi. Hata kuichambua hajaichambua, donge zima.

Mgebuka_Mkavu: Huyo tena tunamjua 😂😂

Mleta uzi: Jamani, SHATI. Picha ya 41.

FundiTaa_Gungu: Rudi picha ya 40, iweke kwenye skrini kama kivuli juu ya picha ya sasa, gonga ukungu upya hadi vilingane. Usipolingana, pitisha mkono wa kikaragosi mbele ya kioo picha 3 au 4, mrukio unafichika hapo. Glisirini usiilaze usiku, hewa ya ziwa ina unyevu na glisirini inaunywa, asubuhi matone yamenenepa yameshuka yote.

Katubuka_Animeta: Unyevu huohuo ndio umeotesha kuvu kwenye lenzi yangu. Kuna anayesafisha Kigoma hapa au hadi nipande treni Dar?

Mzee wa Pleksi: Fundi wa pale mtaa wa Mwanga usimpelekee, atakurudishia na skrubu zimebaki mezani.

Mgebuka_Mkavu: Huyo wa Mwanga ana kaka yake anatengeneza redio, afadhali kidogo. Lenzi ya aina gani, mkuu?