Navara D40 ya dizeli: flaiwili ya springi au ya chuma kimoja?

Mama Nanasi

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela. Nina pikapu ya Nissan Navara D40, injini YD25, gia sita za mkono. Kazi yake ni kuleta nanasi kutoka Kiwangwa mpaka Soko la Mabibo, napita Bagamoyo na Tegeta, bodi imejaa. Foleni ya Mwenge mnaijua wenyewe.

Siku hizi nikizima injini inagonga kwa nguvu chini ya miguu, na nikiondoka na mzigo gari inatetemeka mpaka usukani. Fundi wangu wa Ilala anasema flaiwili, lile gurudumu zito la chuma kati ya injini na klachi, imekufa. Kanipa njia mbili: ninunue kama iliyotoka nayo kiwandani, ile ya vipande viwili yenye springi ndani, au nihamie kwenye seti ya chuma kimoja. Ya springi ukijumlisha na klachi yake, bei haisemeki. Ya chuma kimoja ni nafuu, na anasema hiyo haifi. Nataka kuwasikia waliotumia zote mbili. Gari hii ndiyo inayolipa ada za watoto, sitaki gia boksi ishushwe leo halafu ishushwe tena baada ya miezi.

Fundi Tabata

Dada, pole sana, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Nianze na kazi ya hicho kitu, maana uamuzi wote unasimama hapo.

Injini ya dizeli haizungushi krenki (mhimili mkuu wa injini) kwa ulaini, inaisukuma kwa mapigo. Kwenye silinda nne, kila mzunguko mmoja wa krenki una mapigo mawili. Gari ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 800 kwa dakika, hayo ni mapigo kama 27 kila sekunde, tena mazito kwa sababu mgandamizo wa dizeli ni mkubwa. Yakiingia gia boksi hivyo hivyo, meno ya gia yanagongana na utasikia kama kokoto ndani ya kopo.

Flaiwili ya springi imegawanywa. Kipande cha kwanza kimefungwa kwenye krenki, cha pili kinabeba klachi, na katikati kuna springi ndefu zilizopinda, zimelala kwenye grisi. Mapigo yanaishia kwenye springi, kipande cha pili kinazunguka kwa utulivu. Ndiyo maana gari ikiwa mpya unaweza kutembea gia kubwa kwa mizunguko midogo na husikii kitu.

Ubaya wake ni kwamba springi zinachoka na grisi inaharibika kwa joto. Dereva anayepanda mwinuko na mzigo huku kashikilia klachi nusu anaipika. Anayetembea gia ya sita kwenye mizunguko 1,200 na bodi imejaa anaziminya springi mpaka mwisho, kila pigo.

Ila usikubali kwamba imekufa kwa sababu mtu kasikiliza tu. Kugonga wakati wa kuzima kunaweza kutoka kwenye mauntini (raba inayoshikilia injini) iliyopasuka. Na nozeli moja, ile inayopulizia dizeli kwenye silinda, ikiwa inamwaga vibaya, injini inayumba, na huo mtetemo unafanana sana na wa flaiwili. Mbaya zaidi, nozeli mbovu ndiyo inayoua flaiwili. Ukifunga mpya bila kushughulikia nozeli, umeilisha mpya kwa adui yule yule. Pima marudio ya dizeli kwenye nozeli zote nne kabla ya kununua chochote.

Dereva wa Kitonga

Mimi sielewi kwa nini mnajadili sana. Naendesha Canter, nabeba nyanya za Ilula, napandisha na kushuka Kitonga. Flaiwili yangu ni chuma kimoja tangu kiwandani. Klachi ikiisha, flaiwili inapelekwa kuskimiwa (kusawazishwa uso kwa mashine), inafungwa, safari inaendelea. Malori mengi ya kazi yako hivyo. Dada, weka chuma kimoja ulale.

Fundi Tabata

Kaka, Canter yako imeumbwa hivyo tangu mwanzo. Klachi pleti yake ina springi pale katikati, na gia boksi imepangwa kuvumilia kelele ile. Pleti inayokuja na flaiwili ya springi mara nyingi katikati ni ngumu, haina springi yoyote, kwa sababu kazi hiyo inafanywa na flaiwili. Sasa mtu anafunga flaiwili ya chuma kimoja, halafu anarudisha pleti ile ile ngumu ili abane matumizi. Hapo hakuna kinachomeza mapigo kabisa. Yote yanaenda kwenye shafti ya kuingilia gia boksi, beringi zake na meno. Nimepokea gia boksi za namna hii zikiwa zimekwisha, na mwenye gari analaumu gia boksi.

Kwa hiyo dada akihamia chuma kimoja, anunue seti nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya D40: flaiwili, pleti yenye springi, presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili) na bolti zake. Asikusanye kimoja kimoja.

Ranger Mbezi

Nina Ford Ranger 3.2, ile ya silinda tano, natumia kubeba simenti na nondo kwenda saiti. Ya springi iliponiishia nilihamia chuma kimoja, seti kamili. Nasema kile ninachokipata kila siku.

Gari ikiwa sailensa bila gia, kuna mlio wa kukereketa. Ukikanyaga klachi unapotea. Mwanzo ulinisumbua, fundi akanieleza kwamba ni meno ya gia yanachezacheza bila mzigo, hayajaharibika. Pili, chini ya mizunguko kama 1,500 kuna mngurumo unaoupata kwenye kiti na kwenye mkono wa gia. Dawa yake ni kushusha gia mapema. Ukiendesha juu ya hapo hausikii tofauti kubwa. Tatu, kuondoka na mzigo kunahitaji mguu mtulivu, klachi inashika haraka kuliko zamani.

Kwa kazi ya mzigo nimeridhika kabisa. Hata Marekani, pikapu za Dodge Ram zenye injini ya Cummins na gia boksi ya G56, zilizoanza 2005, zilitoka na ya springi, na wengi wanaovuta trela wakahamia chuma kimoja wakijua kelele itaongezeka. Ni mabadilishano. Unauza utulivu, unanunua uimara wa flaiwili yenyewe.

Mzee wa Kigamboni

Wanangu, nami niseme upande wa pili. Nina Land Rover Defender Td5, ambayo nayo ilitoka na ya springi. Hiyo gari haibebi mzigo, inanibeba mimi na familia, tunakwenda Kimbiji na kurudi, na mara moja moja Tanga. Niliijaribu ya chuma kimoja na nikarudi kwenye ya springi. Kwenye foleni ya kusubiri pantoni, gari ikinguruma bila gia, mama watoto alikuwa anauliza kila mara kama kuna kitu kimefunguka. Na mimi nilichoogopa zaidi ni gia boksi, kwa sababu gia boksi nzuri ya gari hii kuipata siku hizi ni kazi kuliko kupata flaiwili.

Flaiwili ya springi ni kifaa kinachochakaa ili gia boksi isichakae. Ukiitazama hivyo, bei yake inaeleweka. Gari ya kutembelea, yenye dereva mmoja anayeijua, iachwe na ya springi.

Dereva wa Kitonga

Mzee, shikamoo. Hoja ya gia boksi nimeielewa, sikuwa nimeiangalia upande huo. Ila gari ya Mama Nanasi si ya kutembelea.

Duka Gerezani

Nauza spea hapa Gerezani, Kariakoo, naomba niongee upande wa kununua.

Flaiwili ya springi iliyotumika, ya kutoka nje, mimi sikushauri hata ukipewa kwa bei ya bure. Kwa macho inaonekana safi kwa sababu imeoshwa, lakini hujui springi zimebeba nini. Ya chuma kimoja iliyotumika ni hadithi nyingine: unaona ufa, unaona kama imeungua ikawa na madoa ya bluu, unapima unene, unaipeleka kwa fundi mashine. Ya springi haitakiwi kuskimiwa kienyeji hivyo.

Njoo na namba ya chesisi. D40 zimeingia nchini kutoka masoko tofauti, na ukisema tu "Navara" unaweza kuondoka na kitu ambacho matundu hayakai. Kagua namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye boksi, maana boksi linaweza kuchapishwa na yeyote. Kama muuzaji hataki ufungue boksi dukani, ondoka.

Jambo lingine wateja hulikataa wakiona bili: bolti za flaiwili. Nyingi ni za kuvutika, zinarefuka zikikazwa mara ya kwanza na haziaminiki mara ya pili. Nunua mpya.

Ranger Mbezi

Naunga mkono. Ukishashusha gia boksi, badilisha pia oilsili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya krenki kama ina dalili yoyote ya jasho. Oili ikigusa pleti mpya, klachi yote imekwenda.

Mama Nanasi

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nawapa majibu ya vipimo.

Nilimwambia fundi aanze na nozeli. Ya silinda ya tatu inarudisha dizeli nyingi kuliko wenzake, waziwazi. Mauntini moja nayo imepasuka. Vyote vimebadilishwa, na kugonga wakati wa kuzima kumepungua sana. Ila kutetemeka wakati wa kuondoka kulibaki, ikabidi gia boksi ishuke. Nilisimama pale pale. Grisi imerushwa pande zote ndani ya nyumba ya klachi, na kipande cha nyuma kinayumba ukikishika kwa mkono. Kwa hiyo imekufa kweli, na nadhani naelewa kilichoiua.

Nimekaa na hesabu. Gari hii inaendeshwa na mimi na kijana wangu kwa zamu, mzigo kila safari, na yeye mguu wake kwenye klachi ni mzito. Nikiweka ya springi naiona ikirudi kule kule. Nachukua seti ya chuma kimoja, kamili, yenye pleti ya springi. Kelele nitaivumilia. Mzee wa Kigamboni, maneno yako kuhusu gia boksi nimeyashika: kijana nimemkataza gia ya sita akiwa na mzigo mpaka apite barabara wazi ya Bagamoyo, na mizunguko isishuke chini ya 1,500.

Swali moja kwa Fundi Tabata: rilisi beringi yangu, ile inayosukuma klachi iachie, haipigi kelele. Niiache?

Fundi Tabata

Usiiache. Kwenye D40 rilisi beringi imeungana na silinda ya klachi, vyote viko ndani, kwenye shingo ya gia boksi. Ikianza kuvuja fluidi baada ya mwezi, gia boksi inashuka upya, na fluidi hiyo inamwagikia pleti mpya. Angalia kama ipo kwenye seti, kama haipo inunue kando.

Mengine ya kumsimamia fundi siku ya kufunga: uso wa flaiwili mpya una mafuta ya kuzuia kutu, uoshwe kwa brekiklina mpaka kitambaa kitoke kisafi. Bolti zikazwe kwa msalaba, kwa spana ya kipimo na kwa hatua, si kwa bomba refu na nguvu za kijana. Pleti ikae katikati kwa kutumia kifaa chake. Grisi kwenye meno ya shafti iwe kidogo sana, ya ziada ifutwe.

Halafu kilomita 500 za mwanzo beba nusu ya mzigo na usiburuze klachi, ili nyuso zizoeane. Kama baada ya hapo gari bado inatetemeka ikiondoka, nitumie video ukiwa gia ya kwanza, ukiwa gia ya nyuma, na ukiwa umesimama bila gia, klachi imekanyagwa na haijakanyagwa.